Subiri Kwanza na Saa ya Redio

Ukifika pale redioni ukamwulizia kwa jina lake la kwenye kitambulisho, mlinzi atakuna kichwa, atamwita mwenzake, na mwenzake naye atakuna chake. Sema Subiri Kwanza. Utaonyeshwa mlango hapo hapo, na utaambiwa upanguse viatu kabla ya kuingia, maana chumba chake hakitaki vumbi.

Jina hilo hakuliokota. Ni mkuu wa mafundi wa kompyuta wa kituo, na hakuna jambo aliloombwa alifanye haraka asilijibu kwa maneno hayo mawili. Bosi akisema zima, yeye subiri kwanza. Bosi akisema washa, subiri kwanza. Wapo waliokuwa wakimsonya. Siku hizi hawamsonyi, na sababu ndiyo habari yenyewe hii.

Maneno yale ni ya mama yake. Mama huyo alikuwa fundi cherehani, tena si wa kubandika viraka. Alishona magauni ya maharusi, sare za shule, makoti ya watu wa ofisini wenye mabega ya kila namna. Chumba chao cha mbele kilikuwa na cherehani ya kukanyaga, meza ya kukatia, pasi ya mkaa, na redio ya mbao iliyovishwa kitambaa usoni kama dirisha lenye pazia. Binti alikulia chini ya meza ile akiokota pini kwa sumaku. Mteja akija na haraka zake, "Mama, nipitishie tu mashine, nina safari," mama alijibu bila kuinua macho: "Subiri kwanza, nipige bandi."

Kupiga bandi, kwa asiyejua, ni kushikiza nguo kwa uzi wa mkono, mishono mirefu mirefu, kabla ya kuipeleka kwenye cherehani. Nguo inavaliwa na bandi zake, inatazamwa begani, inatazamwa kiunoni. Ikikataa, uzi unavutwa, na kitambaa hakijaumia popote. Watu wa haraka wanaona ni kazi kufanywa mara mbili. Koti likishawapinda mgongoni mbele ya wakwe ndipo wanakumbuka.

Ukutani palikuwa na saa ya duara, na saa ile haikusema kweli hata siku moja. Mama aliipeleka mbele makusudi ili watoto wasichelewe shule. Watoto walilijua hilo tangu wakiwa wadogo, kwa hiyo walichelewa vilevile.

Sindano binti hakuipenda. Alipenda ile redio. Siku moja alifungua mfuniko wake wa nyuma, akakuta taa ndogo zinawaka humo kama mji unaoonekana kutoka mlimani, akapigwa kofi la mgongo, akaufunga mfuniko, na redio ikaendelea kuimba. Mama akasema, "Huyu basi tena, si wa sindano." Akamsomesha kwa cherehani ileile mpaka chuo cha kompyuta. Aliporudi, kituo cha redio cha mji wao kikamchukua, na kikamweka chini ya mzee mmoja aliyeitwa Mzee Waya.

Mzee Waya alikuwa nadhifu kuliko wauguzi. Waya zake zilipangwa na kufungwa kama nywele za msichana wa shule. Ndiye aliyemwelezea Subiri ile kazi kwa namna ambayo hata mama yake nyumbani aliielewa.

"Zamani," alisema, "kila kazi ilikuwa na kompyuta yake. Ya kupiga muziki hii, ya habari ile, ya maktaba ya sauti kule. Chumba kilijaa, umeme ukaisha, joto likatutoa jasho. Sasa tuna mashine kubwa chache tu. Zichukulie kama nyumba za kupangisha. Ndani ya kila nyumba kuna wapangaji, na kila mpangaji ni kompyuta kamili isiyoshikika kwa mkono. Anajiona ana nyumba yake peke yake, kumbe wanapakana ukuta kwa ukuta."

"Na nani anawaangalia?"

"Msimamizi. Wakubwa wanamwita seva ya usimamizi. Ana funguo zote. Huyu mpangaji nyumba imemzidia joto, anamhamishia nyumba ya pili, tena mpangaji anahama huku anaendelea na kazi yake, hata sufuria haitoki motoni. Sasa sikia kichekesho: msimamizi mwenyewe naye ni mpangaji. Analala kwenye chumba kimoja cha nyumba zilezile anazozisimamia."

Subiri alicheka, halafu akaacha kucheka. "Kwa hiyo ukimgusa yeye vibaya..."

"Umeelewa," alisema Mzee Waya.

Ni yeye mwenyewe aliyekuja kuumia kwa jambo hilo. Makao makuu waliamuru msimamizi wa zamani aondolewe na wa toleo jipya aingie, na waliamuru liishe mchana mmoja, bila maandalizi. Mzee Waya alibisha, akaambiwa anazeeka. Akafanya. Msimamizi mpya alipoingia, nyumba mbili zikamkana, wapangaji wakahangaika, na redio ikanyamaza.

Mji ulijiona uko uchi siku ile. Vinyozi walisimama na mkasi mkononi. Wagonjwa wodini walipigapiga migongo ya redio zao wakidhani betri zimekufa. Mama yake Subiri alikanyaga cherehani kwenye kimya kile mpaka akashindwa, akatoka kukaa kibarazani. Msimamizi wa zamani akarudishwa, na sauti iliporudi kesho yake, Mzee Waya alikuwa ameshakusanya bisibisi zake. Alienda kufuga kuku, na hakuna aliyemfukuza ila ile aibu.

Miaka ikapita, Subiri akawa mkuu, na amri ikaja tena: toleo la msimamizi limezeeka, watengenezaji wanaacha kulihudumia, lazima aingie wa toleo jipya. Safari hii amri ilikuja na mkia. Meneja, mwanamume mnene mwenye sauti ndogo, alimwita ofisini akafunga mlango.

"Makao makuu wamesema hivi. Redio ikinyamaza tena kwa mambo ya mitambo, wanafunga studio zetu. Tutabaki mnara tu, wa kurusha sauti yao. Watangazaji, mafundi, mimi, wote nyumbani."

"Na matangazo ya hapa? Nani atasoma ya mtoto aliyepotea sokoni?"

"Hakuna atakayesoma. Dada yangu, kituo kizima kiko mikononi mwako. Utaanza leo?"

"Subiri kwanza," alisema Subiri, na Meneja akashika kichwa.

Akaanza kupiga bandi. Alitazama kwanza umri wa kila nyumba, maana msimamizi mpya haongei na nyumba iliyozeeka. Nyumba iliyopitwa ilifanyiwa ukarabati, lakini kabla ya kuigusa aliwahamishia wapangaji wake kwa majirani, kisha akawarudisha. Aliita kila nyumba kwa jina lake ahakikishe inaitika yenyewe, isiitike jirani. Alitengeneza nakala ya akiba ya msimamizi wa zamani, na hakuridhika kuiona imekaa. Alichukua kompyuta kuukuu, akaiweka kwenye kona isiyo na waya wa kwenda popote, akaiamsha nakala ile humo ndani, akaona imefungua macho na kujitambua. Mwisho alizima ule uhodari wa msimamizi wa kuhamishahamisha wapangaji, asije akajihamisha mwenyewe katikati ya upasuaji.

Mtangazaji wa asubuhi, aliyeitwa Jogoo na mji mzima, alikuwa akichungulia mlangoni kila akipita.

"Dada Subiri, hujamaliza tu? Mke wangu alijifungua kwa muda mfupi kuliko huo."

"Na mtoto akalia usiku wangapi? Mimi wangu hatalia. Nenda kasome magazeti yako."

Jumamosi ilikuwa imepangwa kuwa siku ya kazi yenyewe. Ijumaa baada ya chakula cha mchana akavalisha nguo na bandi zake: akamleta msimamizi mpya kwa majaribio tu, azunguke nyumba zote aseme kama atazikubali, bila kushika ufunguo wowote. Nyumba ya kwanza akaikubali. Ya pili akaikubali kwa kunung'unika. Ya tatu, mpya kuliko zote, akasema haielewani kabisa na wenzake. Saa zao hazilingani.

Subiri aliwaza kama ambavyo ungewaza wewe: nyumba mpya ndiyo imekosea. Akainua macho kutazama saa ya ukutani. Saa ya ukutani ikakubaliana na zile mbili za zamani. Basi, mpya ndiyo mwongo. Akashika kibodi airekebishe, vidole vikasimama hewani. Subiri kwanza. Akatoa simu yake mfukoni. Simu ikakubaliana na ile mpya.

Hapo ndipo Jogoo alipopita anakimbia, karatasi kwapani, shati nje, anaelekea studio kurekodi.

"Kaka, umechelewa!" Subiri alimpigia kelele.

"Sijachelewa bado! Saa ya humu iko mbele, nani asiyejua?"

Mlango wa studio ukafungwa. Subiri akabaki amekaa, mkono mdomoni. Kweli, nani asiyejua? Tangu aajiriwe alijua. Mtu mpya alikuwa anaambiwa siku ya kwanza, pamoja na choo kiko wapi. Ila alidhani, kama kila mtu alivyodhani, kwamba uongo ule uliishia ukutani. Akampigia Mzee Waya, na kuku wakasikika kabla yake.

"Mzee wangu, shikamoo. Nani aliipeleka saa ya kituo mbele?"

"Marahaba, mwanangu. Mimi! Kwa ajili ya huyo Jogoo wenu. Alikuwa anaingia studio wimbo wa kwanza umeshaisha."

"Uliisogeza ya ukutani tu?"

"Ya ukutani tu kwa nini? Mimi nafanya kazi nusunusu? Saa zote za kituo zinakunywa kwenye kisima kimoja, ile saa kuu ya kompyuta, nikakisogeza kisima. Na ratiba ya vipindi nikaisogeza kadiri ileile, habari isiwahi. Kazi safi." Kuku mmoja akalia. "Mwanangu... siku ile nyumba zilipomkana msimamizi..."

"Ndiyo, mzee. Nadhani ni hiyo."

"Kumbe," alisema Mzee Waya, taratibu sana. "Kumbe sikuwa nimezeeka."

"Hukuwa umezeeka, mzee."

Subiri alikaa na simu ile mkononi baada ya kukatwa. Angeweza kulia, lakini kazi ilikuwa mbele yake. Nyumba mpya ililetwa na muuzaji aliyeiunganisha na saa ya nje, ya dunia nzima, ndiyo maana ilisema kweli peke yake. Akaenda kwa Meneja. Meneja alisikiliza yote, akapiga meza kwa furaha.

"Rahisi! Ile mpya nayo ipeleke mbele. Wawe waongo wote pamoja, wapatane."

"Bosi, msimamizi mpya hamwamini mtu. Akishika funguo kweli atauliza saa nje."

"Basi zirudishe nyuma hizi za zamani, leo leo."

"Nikizirudisha ghafla, kompyuta ya vipindi itaona dakika zilezile zimekuja mara ya pili. Ama itarudia iliyocheza, ama itasimama ikishangaa. Hewani kimya. Nipe wiki."

Sauti ndogo ya Meneja ikawa ndogo zaidi. "Makao makuu wanasubiri kesho. Nikiwaambia wiki watasema hatuwezi. Wanatafuta sababu tu, unajua hivyo."

"Waambie ni mimi nimekataa. Taja jina langu. Likiharibika baada ya hapo, nitaondoka mwenyewe kabla hawajaniondoa."

Meneja alimtazama, akainua simu. Kilichosemwa upande wa pili hakikusikika, ila Meneja aliisogeza simu mbali na sikio. Alipoweka simu alisema, "Wametoa wiki. Na wamesema hakuna wiki nyingine."

Jioni Subiri alifika kwa mama akamkuta mezani. Macho ya mama yalikuwa yameishiwa nguvu, ila vidole vilikuwa bado na akili zao. Alikuwa anaunga mkono wa koti la jirani huku redio ikisema. Subiri akamsimulia: hizi za zamani ziko mbele, inatakiwa zirudi, na zikirudishwa kwa mkupuo redio inakatika.

"Sogea hapa," alisema mama. "Huu mkono, kichwa chake ni kipana kuliko tundu la bega. Nitafanyaje? Nikiukata umeharibika. Nikiuvuta, unafanya mikunjo. Ona." Vidole vikatembea. "Kile kilichozidi nakigawa kwenye mshono wote. Hapa kidogo, hapa kidogo, hapa kidogo. Ukimaliza, kitambaa hakijui kama kilikuwa kimezidi."

Subiri alikuwa ameshawaza kupunguza mwendo wa ile saa badala ya kuirudisha, lakini alikuwa anaogopa wiki haitoshi, na kuogopa kulikuwa kumemtia haraka ya kuangalia njia za mkato. Alipouona ule mkono wa koti umekaa begani bila kunyanzi, haraka ikamtoka.

Kwa hiyo saa ya kisima haikurudishwa. Ilicheleweshwa. Kila sekunde yake ilirefushwa unywele tu, na kila asubuhi Jogoo na Subiri waliketi pamoja wakiivuta ratiba ya vipindi kadiri ileile.

"Kwa hiyo mimi nimekuwa fundi sasa?" Jogoo alisema siku ya kwanza.

"Umekuwa bandi. Kaa hapo, usome namba."

"Na zikilingana, ile akiba yangu ya kuchelewa inaenda wapi?"

"Inaenda kuzikwa."

"Dada, wewe ni katili kuliko daktari wa meno."

Hewani hakuna aliyesikia kitu. Habari ilitoka kwa saa yake, matangazo ya vifo kwa saa yake. Wiki ilipokaribia kuisha, saa ya ukutani, simu ya Subiri na nyumba zote tatu zilikuwa zinasema neno moja. Akamzungusha tena msimamizi mpya kwa majaribio. Akazikubali zote, bila kunung'unika.

Jumamosi asubuhi, Jogoo hewani anasoma salamu, Meneja amesimama koridoni hajui pa kuweka mikono, Subiri alimlaza msimamizi wa zamani. Kwa muda ule nyumba hazikuwa na mwenyewe. Wapangaji waliendelea na shughuli zao, muziki ukipiga, kama watoto ambao mwalimu ametoka darasani na wao wakatulia. Msimamizi mpya akaamka. Akapokea kumbukumbu za mwenzake. Akaanza kuita nyumba.

Ya kwanza ikaitika. Ya pili ikaitika. Ya tatu ikakawia.

Kutoka kwenye spika ya ukutani Jogoo alikuwa anamsalimia bibi mmoja wa karibu na stendi na wajukuu wake wote kwa majina. Meneja alichungulia. "Vipi?" Subiri hakugeuka. Aliinua kidole kimoja, na Meneja, ambaye siku zote alichukia maneno yale mawili, akayasema mwenyewe kimoyomoyo akingoja. Mjukuu wa mwisho akasalimiwa. Wimbo ukaingia. Na ya tatu ikaitika.

Meneja alikaa chini sakafuni, koti na tai vyote, akacheka mpaka machozi. Subiri alikagua kila mpangaji, kisha akampigia mfuga kuku.

"Mzee, zimemkubali zote."

"Hakuna kimya?"

"Hakuna. Washa redio yako usikie."

"Imewaka tangu asubuhi," alisema Mzee Waya. "Sikutaka tu kukupigia nikakutia haraka."

Jumatatu iliyofuata Meneja alimwambia Subiri kwamba makao makuu wameandika, studio zinabaki, na wanaomba aende akawafundishe vituo vingine jinsi alivyojiandaa. Walikuwa bado wanaongea koridoni alipopita Jogoo mbio, shati nje, wimbo wa kwanza umeshaisha na wa pili unaelekea ukingoni. Hata salamu hakutoa.

Siku hiyo Subiri aliwahi kwa mama, na akabeba habari zake zote. Mama alisikiliza huku sindano ikitembea.

"Kwa hiyo Jumamosi ndipo ulipombadilisha huyo msimamizi wako?"

"Ndiyo, mama. Hukusikia chochote?"

"Nisikie nini? Nilisikia redio."

Subiri aliinua macho ukutani, pale ile saa ya duara ilipokuwa ikikimbia mbele ya dunia tangu yeye akiwa na meno ya utoto. Redio ilikuwa inasema saa, na saa ya ukutani ilikuwa inaibishia. Akavuta kigoda, akapanda, akanyoosha mkono.

"Wewe!" alisema mama, sindano juu. "Subiri kwanza! Hiyo usiiguse. Nina mteja wa kesho, na huyo huchelewa."